‘Damages’ si wingi wa ‘damage’

Swali

Shikamoo mwalimu. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Makambako, kando ya barabara kuu. Mwezi wa pili lori lilikuwa linarudi nyuma usiku likagonga ukuta wa duka. Ukuta umepasuka kuanzia kwenye mkanda hadi chini, na mlango wa chuma umepinda. Nilifunga siku 11. Sasa nina barua mbili mezani. Ile ya kampuni iliyokatia bima lori inasema watamtuma mtu kukagua “the damage”. Ya wakili wangu inadai “damages”. Nilimwambia wakili huenda ameongeza herufi kwa bahati mbaya, akacheka tu. Binti yangu wa kidato cha nne naye anashikilia kwamba “damages” ni kosa, maana juzi mwalimu wao alimkata alama kwa kuandika “The rain caused many damages to our maize”. Mimi nimeshaandaa barua ya kuwajibu watu wa bima, inaanza hivi: “I want you to pay me all the damages of my wall.” Kabla sijaituma, nani kati yetu yuko sahihi?

Baba Rehema, Makambako

Jibu

Marahaba, Baba Rehema, na pole kwa ukuta. Pole zaidi kwa hizo siku 11, maana ukuta hujengwa upya lakini mteja aliyekuta duka limefungwa ameshazoea kwa jirani.

Kampuni ya bima iko sahihi, wakili wako yuko sahihi, na mwalimu wa Rehema yuko sahihi. Uliyeteleza ni wewe, na wala si mbali. Sentensi yako tutaitengeneza mwishoni.

“Damage” ni ufa ulioko ukutani. “Damages” ni pesa unazozidai kwa sababu ya ufa huo. La kwanza analiona fundi mwashi akisimama barabarani. La pili halionekani kwa macho; linaandikwa kwenye hati ya madai, linabishaniwa, na mwisho hakimu analitia tarakimu. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kujiuliza: je, kuna wa kudaiwa? Tetemeko likiangusha ukuta wako usiku wa manane, “damage” ipo, tena kubwa. “Damages” haipo, kwa kuwa hakuna wa kumpelekea hati. Likiuangusha lori, vyote viwili vinaweza kuwepo. Nimesema “vinaweza” kwa makusudi, na utaona sababu.

Kwanza tumalizane na sarufi, kwa ajili ya Rehema. Katika Kiingereza, “damage” kwa maana ya uharibifu haihesabiki. Ni kama maji au unga: unasema mwingi au kidogo, husemi miwili au mitatu. Nyumba kumi zikiezuliwa mapaa bado ni “a lot of damage”. Sisi waswahili hukosea hapa kwa sababu ileile inayotufanya tuandike “furnitures”, “luggages” na “informations”. Vitu tunaviona ni vingi, basi mkono unaongeza s wenyewe. Mwalimu alifanya haki kukata alama.

Ila “damages” ya wakili si hiyo iliyoongezewa s. Ni neno lenye maisha yake. Halina umoja. Huwezi kudai “a damage” mahakamani, na hata fidia ikiwa ya shilingi moja itaitwa “damages” na kitenzi chake kitafuata wingi: “damages are”, si “damages is”. Hata maneno yanayoandamana nayo ni mengine. “Damage” inasababishwa, inakaguliwa, inatengenezwa. “Damages” zinadaiwa, zinaamriwa, zinalipwa. Na kuna kiungo kidogo kinachomfichua mtu asiyejua tofauti: ni “damage to the wall”, lakini “damages for the wall”. Ukikutana na waraka mrefu wa Kiingereza na macho yamechoka, tafuta kiungo hicho.

Wala usiwaone Waingereza vituko. Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo, tumezoea tu. Nikisema “nina neno na wewe”, utavuta kiti tuzungumze. Nikisema “wale wawili wana maneno”, hakuna atakayedhani nazungumzia msamiati, wamegombana. Wingi umebeba maana ambayo umoja hauna. Na wewe uliye kwenye barabara ya kwenda Tunduma unalijua jingine: “custom” ni desturi, lakini kibao cha “Customs” pale mpakani hakina habari na desturi za mtu. Ni forodha, na ni pesa tena. Kwa kweli Kiingereza kina tabia hii ya kutia s mahali panaponukia pesa.

Asili ya maneno haya ni moja, na inafaa kuijua kwa sababu inaeleza mkanganyiko wote. Warumi walikuwa na neno “damnum”, lililokuwa na pande mbili tangu mwanzo: hasara aliyoipata mtu, na pia malipo aliyotozwa mkosaji. Sheria yao iliyoitwa lex Aquilia, ya karne ya 3 kabla ya Kristo, ilisema aliyeua mtumwa au mnyama wa kufugwa wa mwenzake alipe thamani ya juu kabisa ambayo mtumwa au mnyama huyo aliwahi kuwa nayo katika mwaka ule. (Naam, mtumwa na ng’ombe katika kifungu kimoja. Ndiyo Roma hiyo.) Neno likapita kwa Wafaransa, likawa “dam” na kisha “damage”, na baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 likaingia huko pamoja na Kifaransa kilichotawala mahakama za nchi ile kwa karne kadhaa. Huko ndiko pande mbili za neno la Kirumi zilikogawana: hasara ikabaki na umoja, malipo yakachukua s.

Kutoka shina hilohilo limezaliwa neno ambalo utalikuta kwenye kila hati ya bima: “indemnity”. Maana yake ya ndani ni kumwacha mtu bila hasara. Ndiyo maana bima ya mali hukurudisha pale ulipokuwa, haikutajirishi. Ukuta wa tofali za kuchoma hautalipiwa kama ukuta wa marumaru.

Wafaransa wenyewe walichukua njia nyingine. Wasomaji wangu wa Bukavu na Lubumbashi wanajua kwamba kwao hasara ni “dommage” na pesa ni “dommages-intérêts”, neno refu lisiloweza kuchanganywa na fupi. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, kinachomtaka aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake aifidie, kinatumia “dommage” na hakuna anayebabaika. Sisi tuliorithi sheria ya Uingereza tumerithi na ile s yao ndogo.

Sasa sababu ya kusema “vinaweza”. Wengi hudhani palipo na “damage” lazima “damages” zifuate, kama kivuli kinavyofuata mti. Sheria ya Kiingereza inakataa, na imekataa kwa muda mrefu mno. Mwaka 1410 walimu wa shule moja ya mji wa Gloucester walimshtaki mtu aliyefungua shule jirani. Ushindani uliwalazimisha washushe ada kutoka peni 40 kwa robo mwaka hadi peni 12. Hasara hiyo ni ya kweli, inahesabika, inauma. Hawakupata kitu. Kufungua shule halali si kosa, na pasipo kosa hakuna “damages” hata mtu akifilisika. Kesho mtu akifungua duka la vipuri mkabala na lako na kuuza minyororo kwa bei ya chini, utakuwa mahali pa walimu wale.

Upande wa pili ndio unaoshangaza zaidi, na ndio ninaoupenda: “damages” bila “damage” yoyote. Mwaka 1703 mahakama za Uingereza zilisikiliza kesi ya Ashby, fundi viatu wa Aylesbury, aliyezuiwa na ofisa wa uchaguzi, White, kupiga kura. Mgombea aliyemtaka Ashby alishinda hata hivyo! Kwa hiyo hasara iko wapi? Majaji wengi walisema hakuna. Jaji Mkuu Holt akapingana nao, akasema kwamba kumvunjia mtu haki yake ni hasara tayari, hata kama haikumgharimu senti, na Bunge la Malodi (House of Lords), ambalo enzi hizo lilisikiliza pia rufaa za mwisho, likamuunga mkono.

Karibu na zama zetu kuna kesi ya Learie Constantine. Alikuwa mchezaji maarufu wa kriketi kutoka Trinidad. Mwaka 1943 alifika London na familia yake, vyumba vikiwa vimeshawekwa katika hoteli ya Imperial, wakamkataa kwa sababu ya weusi wake, kwa kisingizio cha wageni Wamarekani waliokuwapo. Akalala katika hoteli nyingine ya kampuni ileile, usingizi mzuri tu. Mwaka uliofuata Jaji Birkett alisikiliza kesi. Upande wa hoteli ulikuwa na hoja ambayo kwa mtu wa hesabu ina nguvu: mtu huyu hakupoteza kitu, alipata chumba, alipata kitanda. Jaji akasema mwenye hoteli anawajibika kisheria kumpokea msafiri, na kuvunja wajibu huo kunatosha. Akaamuru alipwe guinea 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Hizo huitwa “nominal damages”, fidia ya jina tu: kiasi kidogo kinachotangaza kwamba haki ilivunjwa. Baadhi ya watu walikiona kiasi kile ni kejeli kwa udhalilishaji ule, na mimi ni mmoja wao. Lakini jambo lilithibitishwa hadharani. Constantine alikuja kuwa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Bunge la Malodi, mwaka 1969.

Na zipo “damages” zilizo tusi. Mchoraji James Whistler alimshtaki mhakiki John Ruskin, aliyeuponda mchoro wake uliokuwa ukiuzwa guinea 200. Whistler alidai pauni 1,000. Novemba 1878 baraza la mahakama likasema ameshinda, na likampa farthing moja. Farthing ilikuwa robo ya peni. Pauni moja ilikuwa na farthing 960. Ni kama leo hakimu wa Njombe aamuru ulipwe senti 10: umeshinda, lakini kila mtu ameelewa wanakuonaje. Gharama za kesi kila mmoja akajibebea, na mwaka 1879 Whistler akafilisika. Alishinda “damages”, na kesi yenyewe ikawa ndiyo “damage”.

Turudi Makambako. Kwa kuwa maneno ni mawili, kazi yako nayo ni mbili, na watu hupoteza kesi kwa kufanya moja wakadhani wamemaliza. Kazi ya kwanza ni kuonyesha uharibifu. Kazi ya pili ni kuonyesha kwa nini mtu fulani aulipie, na kiasi gani.

Barua ya bima inahusu kazi ya kwanza peke yake. Wanapoandika kwamba mtu wao atakuja kukagua “the damage”, wanasema tu kwamba ukuta una ufa na wao wataupima. Hawajakubali kwamba dereva alikosea. Hawajakubali kulipa. Nimewaona watu wazima wenye biashara zao wakipokea barua ya namna hiyo, wakakaa miezi wakisubiri hundi, kwa kuwa walisoma neno moja wakaelewa jingine. Mimi mwenyewe, kijana, nilitafsiria kampuni moja sera ya bima nikaandika “madhara” kila palipokuwa na mojawapo ya maneno haya. Mteja mmoja akaenda kudai pesa za gari lake, kumbe kifungu alichoshika kilihusu pesa ambazo bima ingewalipa watu wengine walioumizwa na gari hilo. Kifungu cha “damage” kililinda mali yake. Kile cha “damages” kililinda mfuko wake dhidi ya madai ya wengine. Nilikuwa nimevifanya vifanane. Kazi ile sikulipwa, na nilistahili.

Wakili wako anashughulika na kazi ya pili. Atazigawa “damages” mafungu mawili, na kugawa huku kutakuhusu sana. Fungu la kwanza ni “special damages”, zile zinazohesabika: saruji, tofali, nondo, ujira wa fundi, mlango mpya, na mauzo ya siku 11. Hapa msimamo wa mahakama zetu ni mkali, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeurudia mara nyingi: lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai, na zithibitishwe kikamilifu. Kusema “kama milioni mbili hivi” hakutoshi. Kwa hiyo risiti ya saruji ina uzito kuliko maelezo yako yote. Kwa mauzo uliyoyakosa, daftari lako la mauzo la miezi ya nyuma ndilo shahidi. Kama hukuwa unaandika, fungu hilo litakuwa gumu, nisikudanganye.

Fungu la pili ni “general damages”, yale ambayo hayana risiti: usumbufu, mahangaiko, kupotelewa na wateja wa mazoea. Haya hakimu anayakadiria kwa busara yake, na huhitaji kutaja kiasi. Kuna na la tatu, “exemplary damages”, la kumwadhibu mdaiwa aliyefanya jambo la kuchefua, lakini kwa dereva aliyerudi rivasi bila tingo wa kumwelekeza sidhani wakili wako atalisumbukia.

Jambo moja la haraka, maana mvua bado zinanyesha huko kwenu. Ukiuacha ufa wazi hadi maji yaingie yaoze boksi za vipuri, hiyo ni “damage” mpya, lakini usitarajie igeuke “damages”. Sheria inamtaka aliyedhurika achukue hatua za kawaida za kuzuia hasara isikue. Turubai la leo ni nafuu kuliko hoja ya kesho, na risiti ya turubai itunze, inadaiwa pia.

Kama lori lingekuwa lako la kukodi na ugomvi wenu ungekuwa wa mkataba, ungekutana na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania. Ni kifungu ninachopenda kukionyesha kwa wafasiri wachanga. Kimetoka moja kwa moja kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, nayo ikaegemea kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854. Gloucester tena! Kinu cha kusaga nafaka kilivunjikiwa mhimili, msafirishaji akachelewa kuupeleka Greenwich kwa mafundi watakaochonga mwingine, kinu kikakaa bure, na wenyewe wakadai faida ya siku zile. Mahakama ikasema msafirishaji hawezi kubeba hasara ambayo kwa kawaida haitokani na kuchelewa na ambayo hakuambiwa wakati wa kukubaliana. Sasa tazama lugha: kifungu cha 73 kinazungumzia “compensation” kwa ajili ya “loss or damage”. Waliokiandika walilikwepa neno “damages” wakati wanaeleza kitu kilekile ambacho mawakili wote huita “damages”. Nadhani walijua wasomaji wa sheria yao wengi hawakuzaliwa na Kiingereza.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakufikia: kwa Kiswahili tuseme nini? Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, hili si la wafasiri pekee tena. Kwa “damage” tuna utajiri: uharibifu kwa vitu, hasara kwa mali na biashara, madhara kwa afya na mazingira. Kwa “damages” neno ni fidia. Bado nakuta hati zinazosema “mdai anaomba madhara ya jumla”, na kila nikisoma namwona mtu amesimama mbele ya hakimu akiomba aumizwe kidogo. Sema “fidia ya jumla” na “fidia mahsusi”. Vivyo hivyo “liquidated damages”, ile iliyokubaliwa tangu kwenye mkataba, kwa mfano kiasi fulani kwa kila siku mkandarasi atakayochelewa, haina uhusiano na kimiminika. Ni “fidia iliyokubaliwa”, basi.

Nakiri fidia ni neno pana kuliko “damages”. Tumelipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kutoa kitu badala ya kingine: mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hulisha maskini, hiyo ni fidia, na hakuna aliyekosa. Serikali ikichukua shamba lako ipanue barabara inakulipa fidia, na haikukukosea kisheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlipa mtu aliyeumia kazini bila kuuliza nani alizembea. “Damages” daima zina kosa nyuma yake. Kwa maana hiyo ndugu yake wa karibu ni dia, malipo ya damu, ingawa masikio hudanganya: dia na fidia zinafanana kwa sauti tu, katika Kiarabu mashina yake ni tofauti. Sipendekezi tufufue dia mahakamani. Natosheka na fidia, mradi muktadha useme ni ya kosa.

Usije ukasema tu “I was damaged in the accident”. Mtu hupata “injury”. “Damage” ni ya vitu, isipokuwa viungo vya mwili vinapozungumzwa kama vitu, ndiyo maana madaktari husema “brain damage”. Na ukisikia Mwingereza baada ya chakula akimuuliza mhudumu “What’s the damage?”, hajavunja sahani. Anauliza bili ni kiasi gani. Umoja umeiba maana ya wingi, kwa utani.

Sasa barua yako. “All the damages of my wall” inasomeka kama ukuta wako ndio unaodaiwa, kwa sababu ya kile kiungo “of”. Andika hivi: “Your insured’s lorry caused serious damage to the wall and the steel door of my shop, which stayed closed for 11 days. I am claiming damages for the cost of repair and for lost sales. My advocate will send you the details.” Uharibifu una “to”, fidia ina “for”, na tarakimu umemwachia wakili, kwa maana ukiitaja mwenyewe leo kwa kukisia, kesho watakushikilia hapohapo. Mwonyeshe kabla ya kuituma.

Na Rehema aandike “The rain caused a lot of damage to our maize”. Hata sarufi ingeruhusu s, mvua haina pa kupelekewa hati.

Ufa upige picha na rula ikiwa pembeni yake, asubuhi jua likiwa upande wa ukuta, kabla fundi hajaugusa.